Pikapu ya Mama wa Hässelby

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumatatu moja ya Februari mwaka 1977, mashine za ukumbi wa pili zilizimwa zote kwa pamoja. Naikumbuka dakika hiyo kwa sababu nilikuwa natazama saa ya ukutani. Mapumziko ya kahawa yalikuwa yanaisha saa tatu na dakika kumi, mimi nilikuwa nimechelewa dakika mbili, na nilikuwa nikitayarisha maneno ya kumwambia msimamizi. Hakuniuliza kitu. Alikuwa amepanda juu ya sanduku la mbao na kofia yake iko mkononi. Alisema oda za pampu haziji tena, kiwanda kitafunga uzalishaji wiki tatu, kisha kitafungua, kisha tutaona. Nilichokumbuka baadaye zaidi ya hotuba yake ni ukimya. Miaka miwili nilikuwa nimefanya kazi katika ukumbi ule bila kujua kwamba mtu akikohoa upande mmoja anasikika upande wa pili.

Naandika haya kwa sababu wiki mbili zilizopita Musoke, rafiki yangu wa miaka ile, alinipigia simu nyumbani, hapa Husby, Stockholm, nikiwa nasahihisha hesabu za binti yangu. Hakusalimia. Alisema tu, "Ssebo," yaani bwana kwa Kiganda, "mama wa Hässelby ametangulia." Binti yangu akaniuliza kwa Kiswidi ni nani amekufa. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni mtu aliyeniuzia gari. Akatazama sura yangu, akaona kwamba jibu halitoshi, lakini hakuuliza tena. Basi huu hapa ni mwaka ule, kadiri ninavyoweza kuupanga.

Tulikuwa Watanzania wanne tulioletwa kiwandani kujifunza ufundi wa pampu. Mkataba wetu ulisema kazi ikikatika kabla ya wakati, kiwanda kitatoa nauli ya kurudi. Wiki tatu za kufunga zilipokwisha, kiwanda hakikufunguliwa. Tuliitwa ofisini mmoja mmoja, tukapewa kila mtu kroni elfu tatu na mia moja mkononi, pamoja na barua ya shukrani. Wenzangu watatu walipanda ndege kabla ya Pasaka. Mimi sikwenda. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa masomo ya jioni ili nipate cheti cha fundi, na bila cheti nisingekuwa na kitu cha kuonyesha kwa miaka miwili niliyokaa mbali isipokuwa koti zito. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kinaisha Oktoba. Ili kiongezwe, ofisi ya wageni ilitaka kuona kazi yenye mshahara. Kazi hazikuwapo. Asubuhi nilikuwa naenda kusoma matangazo kwenye ofisi ya ajira, na wanaume wenye umri wa baba yangu walikuwa wamesimama mbele ya ubao uleule, mikono nyuma, wakisoma mistari ileile niliyosoma jana.

Musoke alikuwa Mganda, mkimbizi, anafanya kazi kwenye dobi ya hospitali. Tulikuwa tumepanga pamoja vyumba viwili Norsborg, mwisho wa reli, katika jengo jipya ambalo nusu ya nyumba zake zilikuwa hazina watu. Chumba chetu cha jiko kilikuwa na meza moja, viti viwili visivyofanana, na rafu ya vitabu vyangu vya maktaba, ambavyo Musoke alikuwa akiviita "wake zako." Mimi mwenyewe aliniita Bwana Daftari, kwa kuwa niliandika kila kitu. Ni yeye aliyeona kwanza jambo ambalo mimi na daftari langu hatukuliona. Jioni moja tulikuwa tunakula wali na samaki wa kopo, akaelekeza uma dirishani.

"Unaona hii watu? Kila siku wanahama. Huyu kazi imekwisha, anaenda nyumba ya bei ndogo. Ule anarudi kwao Finland. Nani anabeba makochi yao?"

"Magari ya kuhamisha."

"Na gari ya kuhamisha ni bei gani? Mtu amefukuzwa kazi leo, atalipa? Ssebo, sisi tununue pikapu. Wewe huna kazi, una nauli. Mimi nina leseni."

"Nauli ni ya kurudi nyumbani."

"Kwani unarudi?"

Sikulala vizuri wiki nzima. Nauli ile ilikuwa kitu pekee kilichonihakikishia kwamba, mambo yakiharibika kabisa, ninaweza kupanda ndege kwa hiari yangu badala ya kupandishwa. Nilifanya nilichozoea kufanya: nilikwenda maktaba. Nilisoma vitabu viwili kuhusu magari yaliyotumika, kamusi pembeni, na nikaandika orodha ya mambo arobaini na moja ya kukagua. Chesisi, kutu chini ya mlango, usukani kulegea, rangi ya oili, moshi wa asubuhi. Siku tulipoona tangazo la pikapu Hässelby, kwa bei ya kroni elfu mbili, orodha ilikuwa tayari.

Hässelby wakati ule ilikuwa bado na wakulima wa maua. Mwenye gari, Mama Ingrid, alikuwa na nyumba tano za vioo nyuma ya nyumba yake ya mbao, na zote alikuwa anazifunga, kwa sababu mafuta ya kupashia joto yalikuwa yamepanda bei hadi kila ua lilimtia hasara. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyopasuka. Alituingiza jikoni kabla ya kutuonyesha gari. Akatoa kahawa na mikate ya kusokota, na harufu iliyotoka kwenye ile mikate ilikuwa ya iliki. Nilikuwa sijainusa iliki kwa miezi mingi, na sikutegemea kukutana nayo mahali penye theluji hadi dirishani. Musoke alikula minne.

Sasa nieleze kosa letu, kwa kuwa lilikuwa kosa la watu wa kwetu hasa. Sote wawili tulikulia masokoni. Tulijua kwamba mwenye mali huisifu mali yake na mnunuzi huiponda, kisha wanakutana katikati. Tulikuwa tumejiandaa kuponda. Lakini mama huyu alianza kuponda mwenyewe.

"Ni la zamani," alisema akimimina kahawa. "Na linaenda polepole."

Musoke akanigeukia. "Umesikia? Anaponda gari yake."

"Nimesikia."

"Huyu mjanja sana. Anataka sisi tuone haya."

Uani, mbele ya gari lenyewe, nikiwa nimelala chini na tochi, nilimsikia mama akisema tena kwamba halivuki kilomita thelathini kwa saa. Musoke alicheka kwa adabu, akalipiga bodi kofi, akamwambia kwa Kiswidi chake kwamba hapana, mama, hili ni gari zuri, gari la nguvu. Yaani mnunuzi ndiye aliyekuwa anasifu. Mimi nilikagua mambo yote arobaini na moja. Oili ilikuwa safi, chesisi nzima, breki nzuri kuliko za magari mengi mapya. Tulilijaribu kati ya nyumba za vioo, kwenye theluji, kwa gia ya kwanza na ya pili. Nyuma kulikuwa na kibao cha pembetatu kilichofunikwa na barafu, nami nikaandika kwenye daftari: "Kibao cha nyuma, kisafishwe." Mama alipokuwa ananikabidhi kadi ya gari alisema mara ya tatu, akinitazama machoni, kwamba linaenda polepole sana, na je, nimeelewa? Nikasema nimeelewa. Nilielewa kwamba ni mwanamke mnyenyekevu. Niliona aibu kuomba punguzo, nikalipa elfu mbili kamili.

Musoke ndiye aliyeshika usukani. Tulipofika barabara kubwa akaingiza gia ya tatu, akakanyaga, na injini ikalia kama inatwanga kokoto. Mshale ulifika thelathini, ukakaa.

"Inapata moto kwanza," Musoke alisema.

Baada ya kilomita mbili nilitazama nyuma. Barafu ilikuwa imeanguka kwenye kibao, na chini yake kulikuwa na pembetatu nyekundu, kubwa. Nyuma ya pembetatu kulikuwa na basi, nyuma ya basi magari yasiyohesabika. Mzee mmoja kwenye baiskeli alitupita kwenye mteremko akainua kofia. Musoke alikanyaga hadi goti likatetemeka.

"Kale! Bwana Daftari! Mambo arobaini na moja!"

Nilifungua kadi ya gari hapo ndani, nikaisoma kwa mara ya kwanza neno kwa neno. Ilisema wazi kwamba chombo hiki ni trekta. Lilikuwa limezaliwa gari, likawekewa giaboksi ya pili ili lisiende kasi, likaandikishwa upya kama trekta, jambo ambalo wakulima wa nchi hii walikuwa wakilifanya tangu zamani na ambalo kila Mswidi analitambua kwa kuona ile pembetatu. Mama hakuficha chochote. Alikuwa amesema ukweli mara tatu, na sisi tukauchukulia kama mbinu za sokoni. Kufika Norsborg kulituchukua karibu saa mbili.

Kesho yake, Jumapili, tulilirudisha kwa mwendo uleule. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima, lakini alipofungua mlango nilikuta yote yamekwisha. Alituweka jikoni. Alisikiliza.

"Niliwaambia mara tatu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini mlinunua?"

Sikuwa na Kiswidi cha kueleza soko. Nikasema, "Hatukuamini."

Akainuka, akashusha kopo la kahawa kutoka rafuni, akatoa noti zangu zikiwa zimefungwa na mpira uleule niliozifungia, akaziweka mezani kati ya vikombe. "Basi chukueni," alisema. "Pesa za mtu asiyejua alichonunua sizitaki."

Musoke akanikanyaga mguu chini ya meza. "Chukua, ndugu. Nauli yako hiyo. Chukua twende."

Noti zilikuwa sentimita ishirini kutoka mkononi mwangu. Ningezichukua, ningekuwa Dar es Salaam ndani ya wiki mbili, salama, bila cheti. Sijui kwa nini, badala ya kunyoosha mkono, niliuliza swali. Labda ni mazoea ya mtu anayejifundisha mwenyewe, kutoacha jambo bila kulielewa. Nilimuuliza kwa nini yeye aliendesha kitu cha polepole namna hii.

"Kwa sababu sina leseni ya gari," alisema. "Mume wangu ndiye aliyekuwa nayo. Alipokufa, masomo ya leseni yalikuwa ghali na maua yalikuwa yanangoja. Leseni ya trekta ni rahisi. Nimepeleka maua sokoni miaka kumi na mmoja kwa mwendo huo. Naondoka mapema tu."

Nilimtazama Musoke. Mpango wetu tangu mwanzo ulikuwa na kasoro ambayo hatukuisema kwa sauti: mwenye leseni alikuwa dobini mchana kutwa, na asiye na kazi hakuwa na leseni. Masomo ya leseni ya gari yangekula nauli yote. Lakini hili halikuwa gari.

"Mimi naweza kupata leseni ya trekta?" niliuliza.

"Kitabu ninacho hapa," alisema Mama Ingrid. Na akazirudisha noti kwenye kopo.

Nilifaulu mwezi Aprili. Tangu hapo hadi majani yalipoanguka nilihamisha watu wa Stockholm kwa kilomita thelathini kwa saa. Barabara kuu zilikatazwa kwa trekta, kwa hiyo nilijifunza njia za pembeni zote, nyuma ya makanisa, kando ya bustani za watu, chini ya madaraja. Watu waliokuwa na haraka hawakuniita. Walioniita walikuwa wale ambao haraka yao ilikuwa imekwisha siku kiwanda chao kilipofungwa. Niliingia katika vyumba vingi mwaka ule kuliko miaka yote iliyofuata. Nilijifunza kwamba chumba kikishatolewa vitu, ukutani hubaki miraba yenye rangi mbichi mahali picha zilipokuwa, na kwamba kila mwenye nyumba husimama kuitazama kabla ya kufunga mlango. Kiswidi changu kilitoka humo. Nilikisikiliza jikoni, ambako wanaume walikaa juu ya masanduku wakibishana kama kosa ni la serikali au la wenye viwanda, huku wake zao wakifunga vikombe kwa magazeti na kuwaambia waache siasa washike kabati.

Familia moja ya Kifini niliipeleka bandarini na vitu vyote vya miaka tisa. Mume alikuwa amekaa nami mbele. Hakusema neno kutoka Norsborg hadi majini, karibu saa nzima na nusu. Tulipofika alinishika mkono akasema, "Mwendo mzuri. Nimeweza kuaga kila mtaa." Mke wake alinipa vimikate vya wali vilivyofungwa kwa taulo. Niliuliza kama vina nguruwe, akacheka, akasema vina siagi tu. Nilivila kwenye usukani, bado vya moto.

Lakini pesa za namna ile, noti mbili tatu mkononi, hazikuwa mshahara machoni pa ofisi ya wageni. Agosti ilipofika nilikuwa na shibe na sikuwa na karatasi. Ndipo Mama Ingrid alipotuma kadi ya posta. Alikuwa ameuza vioo vya nyumba zake zote kwa mkulima wa visiwani upande wa magharibi, vioo elfu moja mia nane na arobaini. Wenye malori waliokuja kutazama walimwambia wazi kwamba njiani kimoja kwa kila kumi kitavunjika. Yeye alijua chombo kimoja kisichoweza kwenda kasi ya kuvunja kioo. Alitaka kuniajiri rasmi, wiki sita, kodi ikikatwa.

Nilisoma kwanza, bila shaka. Kioo husafirishwa kikiwa kimesimama kwa ukingo, si kwa kulala. Tulitengeneza fremu za mbao, tukazivika mablanketi ya hospitali ambayo Musoke aliyanunua dobini yalipotolewa kazini. Vioo arobaini kwa safari moja, safari arobaini na sita. Mama alivitoa kwenye fremu za nyumba kimoja kimoja kwa kisu cha lipu, akavifuta, akanipa. Mchana tulikula jikoni kwake. Alhamisi ilikuwa supu ya njegere yenye nyama ya nguruwe, na baada ya mara ya kwanza alianza kunipikia yangu katika sufuria ndogo isiyo na nyama, bila kusema lolote kuhusu hilo. Kila wiki nyumba moja ya vioo ilibaki mifupa, na upepo ukapita mahali ambapo kwa miaka thelathini haukuwahi kupita. Mara moja nilimkuta amesimama humo katikati, mikono mifukoni. Nilirudi nyuma nikangoja kwenye gari.

Vilivunjika saba. Kimoja ni cha Musoke, siku yake ya mapumziko, alipofukuza nyuki kwa mkono uliokuwa umeshika kioo. Sita ni vyangu. Nilikuwa nawahi darasa la jioni, fremu ilikuwa imejaa, nikavilaza sita juu ya blanketi nikijiambia ni mara moja tu. Nilivisikia vikivunjika kabla ya kutoka getini.

Siku ya mwisho Mama Ingrid alinipa malipo na karatasi ya mshahara aliyoipiga mwenyewe kwa taipureta. Mshahara, kodi, na chini yake mstari mmoja zaidi: vioo saba vilivyovunjika, kwa kroni nne kila kimoja. Musoke aliisoma begani mwangu hadi tukafika barabarani.

"Safari arobaini na sita! Na anakukata pesa ya vioo saba? Huyu mama bahili, wallahi. Na supu yake yote."

"Vilivunjika."

"Vilivunjika! Kwani kioo ni mpira?"

Nami niliumia, nakiri. Nilidhani tumeshakuwa marafiki.

Oktoba nilikaa mbele ya karani wa ofisi ya wageni, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo. Jalada langu lilikuwa jembamba. Alisoma barua ya ajira ya Mama Ingrid haraka, kama mtu anayejua mwisho wake, akaiweka pembeni. "Barua za namna hii naziona kila siku," alisema. "Kila mtu ana rafiki mwenye bustani." Kisha akachukua karatasi ya mshahara. Alisoma taratibu, kidole kikashuka hadi mstari wa mwisho, kikasimama.

"Hii nini?"

"Vioo," nilisema. "Nilivivunja. Isipokuwa kimoja."

"Na akakukata?"

"Ndiyo."

Alitazama karatasi tena, na uso wake ukalegea. "Rafiki anayeandika barua ya uongo hakati mtu pesa za vioo," alisema, akavuta muhuri. Nilipewa mwaka mmoja. Juni iliyofuata nilipata cheti, na kwa cheti hicho nikapata kazi ambayo ninayo hadi sasa.

Miaka mingi baadaye, jikoni kwake, nilimuuliza Mama Ingrid kama aliuweka mstari ule makusudi, ili waniamini. Nilitaka aseme ndiyo. Alinishangaa kama alivyonishangaa ile Jumapili ya kwanza.

"Hapana," alisema. "Vilivunjika saba."

Kanisani juzi mimi na Musoke tulikaa safu ya pili, nyuma ya jamaa za marehemu. Baadaye katika ukumbi walitoa kahawa na mikate ya iliki, Musoke akala miwili tu, akasema uzee. Aliniuliza kama ile karatasi bado ninayo. Ninayo. Imekunjwa mara mbili ndani ya daftari la mwaka ule, baada ya ukurasa wa mambo arobaini na moja. Mwaka nilioweka nauli yangu hatarini, hasara niliyopata imeandikwa hapo kwa taipureta: kroni ishirini na nane.